Blanketi la Maonyesho

Bitutu alikuwa mke wa Ombati, na pale Nyamache hapakuwa na mwanamke aliyemshinda kuunga viraka. Vitanda vya wachungaji na walimu vilitandikwa mablanketi yake. Aliokota mabaki ya nguo kwa fundi Omwenga sokoni, akayakata miraba kwa wembe na kuunganisha kipande kwa kipande hadi kikawa kitambaa kizima. Kisha aliweka sweta kuukuu katikati na kitambaa cha amerikani chini, akashona matabaka yote matatu pamoja kwa mishono midogo kama punje za wimbi. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, aliyeipata alipokuwa akifua nguo nyumbani kwa mmishenari.

Eucabeth, binti yake wa pekee, alipewa sindano akiwa na miaka sita. Alijichoma vidole, akalia, lakini kesho yake akairudia mwenyewe bila kuitwa. Kila jioni Bitutu alichukua kazi ya binti yake akaigeuza upande wa nyuma. Akiona mshono uliopinda, alifumua mstari mzima, akamrudishia kimya. Msichana alianza upya. Neno "vizuri" hakulisikia hata siku moja. Jioni ambayo kazi ilirudi bila kufumuliwa, alienda kulala ana furaha.

Mwaka wa 1968 maonyesho ya kilimo yalikuwa yafanyike Kisii mjini, na kanisa likamwomba Bitutu atengeneze blanketi la kushindanishwa. Alikuwa ameanza miraba michache tu wakati sufuria ya uji ilipompindukia na kumbabua mkono wa kulia. Kwenye zahanati waliufunga bendeji, wakamwambia asiutumie kwa miezi mitatu.

"Eucabeth atamalizia," alisema.

Eucabeth, akiwa na miaka kumi na sita, hakumalizia. Aliifumua ile miraba akaanza blanketi jingine. Alikata pembetatu badala ya miraba, akazipanga kutoka buluu nzito pembeni hadi nyeupe katikati, jinsi vilima vinavyofifia asubuhi ukungu unapokaa bondeni. Asubuhi alichuma pareto shambani. Mchana mvua iliponyesha alishona karibu na mlango penye mwanga.

"Sisi hatushoni hivyo," mama yake alimwambia.

"Najua, Mama."

Bitutu aliutazama mkono wake uliofungwa.

Blanketi lilipokwisha, Mchungaji Nyamongo alikuja kulichukua. Alilikunjua juu ya meza, akalitazama ukingo hadi ukingo. Halafu akatoa kadi ya maonyesho na kalamu.

"Niandike jina la nani?"

Eucabeth alikuwa amesimama pale pale, ameshika birika la chai. Alimtazama mama yake.

"Andika langu," Bitutu alisema.

Blanketi lilishinda. Zawadi ilikuwa cherehani ya mkono, mpya, nyeusi. Sabato iliyofuata Bitutu alisimama kanisani, mkono ungali na bendeji, akamshukuru Mungu kwa kubariki kazi yake. Watu waliona bendeji ile, na hakuna aliyeuliza mkono huo ulishonaje. Walipofika nyumbani Eucabeth alimfuata jikoni.

"Mama, kwa nini hukuniambia nisimame na wewe?"

"Usimame kwa sababu gani?"

"Nililishona mimi."

Bitutu alikuwa akimenya ndizi kwa mkono wa kushoto, polepole. "Sindano nilikupa mimi. Uzi nilikupa mimi. Blanketi langu la kwanza nyanya yako alimpelekea yule mzungu aliyemfulia nguo, akamwambia amelishona yeye. Nilinyamaza. Na wewe utanyamaza."

Eucabeth alinyamaza. Alichotarajia sasa ni cherehani tu, maana mama yake hakuwa na haja nayo; hakuwahi kuamini mshono wa mashine. Kwa miaka mitatu cherehani ilikaa imefunikwa kitambaa. Mwaka 1971 Abner, kaka yake Eucabeth, alipomwoa Esnah na kuhamia Kisii mjini, Bitutu aliifunga kwa kamba na kumpa mkwewe, asiyejua hata kutia uzi kwenye tundu la sindano. Eucabeth ndiye aliyeibeba hadi barabarani, akaipandisha juu ya basi.

Mwaka uliofuata aliolewa na Momanyi, mwalimu wa Nyamira. Huko alishona kila kilichopita mkononi mwake: mapazia, sare za shule, mikoba, mablanketi ya watoto wachanga. Alijifunza kusuka vikapu kwa jirani na kupaka rangi vitambaa kwa magome ya miti. Mumewe alimzoea hivyo, mikono haitulii. Nyamache alienda mara mbili kwa mwaka, akarudi siku hiyo hiyo.

Kisha mtoto wa jicho akayafunika macho ya Bitutu, na baadaye tumbo likaanza kumuua. Ilikuwa 1977. Esnah alituma salamu kwamba ana shughuli mjini. Eucabeth alienda, akamwogesha na kumlisha kwa majuma matatu. Siku moja alasiri, mvua ikipiga mabati, aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, lile blanketi la maonyesho. Sitaki kitu. Sema tu lilikuwa la nani."

Bitutu alipapasa pindo la shuka kwa vidole.

"Mstari wa tatu kutoka pembeni," alisema hatimaye, "ulivuta uzi mno. Niliuona siku ile. Ningekuwa na mkono, ningeufumua."

Eucabeth alingoja. Baada ya siku nne Bitutu alifariki.

Kwenye mazishi lile blanketi la maonyesho lilitandazwa juu ya jeneza. Mzee wa kanisa, Ondieki, alisoma maisha ya marehemu, akasema kwamba kwa mkono mmoja mgonjwa alishona kazi iliyoshinda wilaya nzima. Watu waliguna kwa mshangao. Eucabeth alipoitwa kusema neno, alisimama, akawaangalia kaka yake na baba yake waliokuwa wakilia.

"Mama alinifundisha kushona," alisema, akaketi. Blanketi likashuka kaburini pamoja na jeneza.

Wanawake wa kanisa walimwomba aje mara moja kwa mwezi awafundishe, ashike nafasi ya mama yake.

"Nafasi hiyo siitaki," aliwajibu. Baadhi yao walisema baadaye kwamba ana kiburi.

Aliporudi Nyamira alifunga sindano, nyuzi na viraka vyote kwenye gunia, akamwambia Momanyi awape wasichana wa shule.

"Vyote?"

"Vyote. Kila nikishika sindano, ni mkono wa Mama."

Momanyi hakumbishia. Aliweka gunia nyuma ya mlango, akasema atalipeleka Jumatatu. Jumatatu ikapita, na nyingine pia, na hakuligusa. Katika wiki ya tatu, siku moja alitoka shuleni akamkuta mkewe ameketi sakafuni, vitambaa vya gunia lile vimemzunguka, akikata pembetatu. Macho yake yalikuwa mekundu, na mikono yake ilikwenda haraka. Momanyi alivuka vitambaa kwa uangalifu, akaenda kujitilia chai mwenyewe.