Marehemu Amesimama Mlangoni

Godelieve alitaka neno moja tu kwenye jalada la kitabu chake: riwaya. Miaka yote ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliandika, kwa sauti ya mjane, habari za fundi saa wa Bujumbura aliyekufa kabla hajapatana na mkewe. Fundi huyo hajawahi kuwapo duniani. Godelieve alimtunga mwenyewe, akamlilia mwenyewe, na mumewe Nestor, mzima kabisa, alisomewa kila sura akacheka hadi akapaliwa na chai.

Alikipeleka kwenye shindano la vitabu, na tuzo ilipotangazwa, wakaomba kibali cha kutoka kambini, wakaenda mjini Lodwar. Mwalimu Aukot, mkuu wa waamuzi, akawapokea mlangoni mwa ukumbi.

"Ejok, mama!" akamsalimu Kiturkana. "Umeshinda!"

"Kwa riwaya?"

"Kwa kundi la Ushuhuda wa Wakimbizi."

Loh! "Mwalimu, mimi nilipeleka riwaya. Yote nimetunga."

"Usione haya, mama. Sisi wote tulilia. Pole sana kwa kufiwa na mzee."

Jamani, mzee mwenyewe alikuwa nyuma ya Godelieve, ameshika mkoba wa mkewe!

Aukot akashusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. "Zamani tulikuwa na makundi ya riwaya na mashairi, basi. Siku hizi watu wanauliza kwanza mwandishi amepitia nini. Wa kambini anaandika kambi, Mturkana anaandika njaa. Nakiru wa hapa Nawoitorong ameandika mapenzi ya daktari wa meno, hakuna mbuzi hata mmoja ndani, wamemweka kwa Ukame."

"Basi mnirudishe kwa riwaya."

"Imefutwa mwaka huu. Ukisema umetunga, hakuna pa kukuweka, na kitabu hakitachapishwa."

Godelieve alikasirika. Watu wangekifungua kitabu kile wamtafute yeye, wamwonee huruma, na fundi saa wake asingeonwa na mtu. Heri kisitoke! Akageuka amshike Nestor mkono, amwonyeshe mwalimu mume aliye hai, yaishe.

"Na huyu ndugu ni nani?" Aukot akauliza.

Nestor akamtangulia. Alimwona mkewe miaka yote akiandika kwa tochi, na hakuweza kuvumilia kitabu kirudi sandukuni.

"Mimi kaka yake," akasema. "Shemeji nilimzika kwa mikono yangu."

Aukot akavua kofia.

Godelieve alimtazama mumewe, naye akaangalia chini. Kumkanusha Nestor sasa ni kumwaibisha mbele ya watu, na kunyamaza ni kumzika. Akanyamaza.

Jukwaani wakampa nakala ya mfano ya kitabu. Kwenye jalada, chini ya jina lake, palikuwa na maneno: kisa cha kweli. Wakamwomba aseme lolote juu ya marehemu. Hakuweza, alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Ukumbi mzima ukasimama kimya kumwomboleza mumewe. Kule nyuma Nestor naye akasimama, akainamisha kichwa pamoja nao.