Mgeni wa Verdiana

Verdiana alishamzika kaka yake Tomaso, na hakuwa tayari kumzika na mdogo wake Sylvester. Ndiyo maana alimwalika Kisyeri kwenye kikundi.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kuonja mvinyo. Cheka ukitaka, watu wa Morotonga walicheka mpaka wakachoka. Kila Jumamosi alasiri watu sita walikutana barazani kwa Frida, nesi, wakaonja chupa tatu na kubishana utadhani wamelipwa posho. Verdiana ndiye aliyewafundisha, maana alifanya kazi miaka kumi na miwili baa ya hoteli ya watalii. Kila mwanachama aliruhusiwa mgeni mmoja, na dhamana ya mgeni ni ya aliyemleta. Silaha zinaachwa mlangoni. Kwa huku kwetu, sharti hilo lilibidi liandikwe.

Kisyeri alikuwa mtu wa Busawe. Kaka yake ndiye aliyempiga Tomaso mshale kwenye ugomvi wa ng'ombe karibu na bwawa la Manchira, kisha akatokomea ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Tangu siku hiyo Sylvester alikuwa ananoa panga, na Kisyeri analala na upinde. Wazee wa pande zote wakatoa neno moja: wanywe chombo kimoja, wameze wote, yaishe; atakayetema amekataa amani. Sasa nani angeingia boma la mwenzake? Kwa Frida hapakuwa kwa mtu yeyote kati yao, na Frida alikubali Sylvester awe mgeni wake.

Kisyeri alifika na shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

Akaegemeza fimbo yake mlangoni, kando ya panga la Sylvester, akaketi bila kumtazama mtu usoni. Alikuwa anaogopa, na Verdiana alimpenda kwa kuja hivyohivyo na woga wake.

Akafungua chupa, akamimina glasi moja tu. Angeanza yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa, afuate Kisyeri, amalizie Sylvester. Akaizungusha glasi, akanusa, akapiga funda, akalipitisha huku na huku mdomoni. Kisha mazoea ya miaka kumi na miwili yakamshinda. Akageuka, akatema kwenye ndoo.

Wenzake wa kikundi hawakuona ajabu. Kila Jumamosi wanatema. Kisyeri aliona.

"Umetema," alisema taratibu.

"Hapana, ndugu yangu. Ni kuonja tu, ngoja ninywe..."

"Umetema mbele ya macho yangu. Kumbe mmeniita mniue."

Akaikamata chupa shingoni, akaipasua kwenye ukingo wa meza, akamrukia. Verdiana alikinga kwa mkono na kiganja kikachanika mpaka mfupani. Kisyeri akainua chupa tena, safari hii akilenga koo.

Sylvester alikwisha fika mlangoni na kurudi.

"Sylvester, acha!"

Panga la kwanza lilimpata Kisyeri begani, la pili shingoni. Alianguka juu ya ndoo, akaipindua. Mwalimu Simioni, mmoja wa wanachama, alitimua mbio akiangusha viti, wengine wakamfuata. Frida peke yake ndiye aliyepiga magoti, akakunja kanga yake na kuigandamiza kwenye jeraha kwa mikono miwili. Kanga ililowa mara moja.

"Angekuua, dada," alisema Sylvester. Panga lilikuwa bado mkononi.

Ni kweli, angemuua. Ukweli huo haukumsaidia mtu.

Glasi ilikuwa imesimama mezani, haijamwagika. Verdiana aliichukua kwa mkono unaovuja damu, akapiga magoti kichwani kwa mgeni wake.

"Kisyeri, nitazame."

Akanywa. Akameza funda kwa funda mpaka glasi ikabaki tupu, kisha akaachama ili Kisyeri aone, kama mtoto anavyomwonyesha mama kwamba dawa imeisha.

"Nimemeza. Umeona? Nimemeza."

Frida aliondoa mikono yake kwenye kanga.

"Verdiana," alisema, "haoni."

Barabarani yowe lilikwisha pigwa. Verdiana aliinua macho akamtazama mdogo wake, aliyekuwa anafuta panga kwenye suruali yake ya Jumapili. Kule Busawe Kisyeri alikuwa na wadogo watatu, wote wanaume.