Pumzi ya Kwanza

“Puliza, mke mwenzangu.”

Alisimama wima kando ya meza ya jikoni, miguu peku, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akapuliza. Kishale cha lile bomba la plastiki kiliruka, kikakwama kwenye mia moja na hamsini. Njano.

“Hiyo mbaya, Bibi. Usiandike.”

“Siandiki. Kunywa maji, upumzike.”

Mjukuu wangu alikuwa na miaka tisa, na pumu ilimwanza angali anatambaa. Tulimwita Filimbi, maana kifua chake kilisikika kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Mama yake, binti yangu, alikuwa akitoka alfajiri kwenda kiwandani. Kwa hiyo yule dada wa utafiti alipokuja kutafuta watoto wa kujaribu bomba la kupimia pumzi na daftari lake, kalamu nilikabidhiwa mimi. Maagizo yalikuwa mepesi. Asubuhi na jioni apulize mara tatu, niandike namba kubwa. Ikiwa kijani, aende shule. Njano, aongezewe dawa ya kuvuta, nami nipige simu. Nyekundu, hospitali.

Mimi niliishia darasa la tatu. Lakini mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuuonyesha darasa zima, na jambo hilo halijanitoka mpaka uzee huu. Mwezi wa kwanza ulipoisha, dada alifunua kurasa zangu, akasema, “Bibi, daftari safi namna hii sijaliona. Na namba zake nzuri.” Filimbi akanitazama, nami nikamtazama. Tulivimba vichwa wote wawili.

Tangu hapo namba ikawa maksi. Mara tatu zikawa nne, nne zikawa sita. Aligundua mwenyewe kwamba ukiitoa pumzi kwa ghafla, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, kishale kinaruka zaidi. “Ona, Bibi, nimefaulu.” Nikacheka, nikaandika, nikapiga mstari kwa rula.

Asubuhi ile kishale kiligusa mia mbili na ishirini kwenye mara ya saba. Kijani. Alikaa kwanza kitini kabla ya kuvaa viatu, kitu ambacho hakuwa na desturi nacho. Nikamfunga kamba mimi.

“Umechelewa,” nikamtania. “Mwalimu akikuuliza?”

“Nitamwambia ni wivu wa mke mwenzangu.”

Saa tano simu ikalia. Alikuwa ameanguka uwanjani, wakati wa mapumziko. Nilipofika hospitali, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kifua chake kilikuwa kimya.

Wiki tatu baada ya kumzika, dada alikuja kuchukua daftari. Alilifungua palepale mezani, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akarudi nyuma, akaanza upya.

“Bibi, sielewi. Kijani tupu. Hata asubuhi ile.”

Binti yangu alikuwa chumbani, mlango wazi, anakunja nguo za mtoto. Ningeweza kunyamaza. Daftari lilikuwa upande wangu, safi, mistari imenyooka. Mtu gani angeuliza zaidi?

Nikasema. Nikasema habari ya mara nne, ya mara sita, ya mbegu ya chungwa. Chumbani nguo zikaacha kukunjwa.

Dada akatoa penseli. “Zile za pumzi ya kwanza, Bibi. Unakumbuka hata moja?”

Nilikumbuka zote za wiki mbili za mwisho. Mtu haisahau namba aliyokataa kuiandika. Mia mbili na kumi. Mia mbili. Mia na tisini. Zilishuka kama mtu anayeshuka ngazi, naye akaziandika moja moja pembeni mwa wino wangu. Nasikia madaftari ya siku hizi yana nafasi tatu kwa kila asubuhi, na mtu huandika kila pumzi kama ilivyotoka.

“Na ya siku ile, mama?”

Alikuwa binti yangu, amesimama mlangoni, gauni dogo mkononi.

“Mia moja na hamsini.”

Alirudi chumbani, nami nikamsikia anazikunjua zile nguo zote, anaanza kuzikunja upya.