Kipimo cha Papa Évariste

"Pasi imekufa," alisema Papa Évariste, kipimo cha umeme mkononi. "Waya ya ndani imekatika. Testeur ndiyo inasema."

Mkewe, Kyakimwa, aliichukua. Alichomeka pasi ukutani, akangoja kidogo, akaidondoshea tone la maji. Tone likalia chaa! likatoweka.

"Bon. Maiti hii iko na moto sana," akasema, akaanza kunyoosha kitenge chake cha misa.

Évariste aliduwaa. Akakitazama kipimo chake cha umeme, cha njano, cha bei rahisi, alichokinunua dukani kwa Mahmoudi. Akazigusanisha ncha zake mbili. Kioo kilipaswa kuonyesha sifuri. Kikaonyesha moja, alama ya njia iliyokatika. Akatingisha waya mwekundu: sifuri. Akauachia: moja.

"Kumbe ni wewe," akanong'ona.

Kwa miezi miwili kazi yake ya kutengeneza redio ilikuwa imemkataa. Alibadilisha vipande vya redio za watu, na ubovu ukabaki palepale. Alidhani ni uzee. Wiki ile alikuwa ameanza kufunga zana zake ndani ya katoni.

Akafungua kipimo. Pale unapochomekwa waya mwekundu, lehemu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Aliyeyusha lehemu mpya. Moshi ulipompanda puani, karakana yote ya kiwanda cha nguo alikofanya kazi zamani ikamrudia: king'ora cha asubuhi, baiskeli zikimiminika getini, na fundi mkuu Faustin, marehemu sasa, akitoa kipimo kikubwa cha mshale ndani ya kitambaa, kama padri na kikombe chake. Kabla ya kugusa mashine yoyote, Faustin alizigusanisha ncha. "Évariste, umusalimie kwanza. Akiitika muzuri, ndiyo utamuuliza habari ya wengine."

Mara ya mwisho alikuwa amekisalimia lini hiki cha njano? Hakukumbuka.

Sasa sifuri ilitulia. Évariste akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Jumatatu alimwambia Priscille, muuza mboga ya pondu wa mtaa wa pili, kwamba redio-kaseti ya marehemu mama yake imeungua, aitupe tu. Priscille aliibeba kifuani, akaenda nayo.

Akavaa viatu, akachukua kipimo na zana, akaenda mbio.

Alimkuta Priscille uani, anakata pondu. "Priscille, redio iko wapi?"

"Iko ndani, tonton. Kutupa, nilishindwa."

"Nilikuambia uongo. Si kwa kusudi. Testeur ilikosea, lakini mimi ndiye sikuijaribu."

Priscille aliweka kisu chini. Halafu akapangusa mikono, akaileta.

Évariste alizigusanisha ncha kwanza. Ndipo akapima. Ndani kila kitu kilikuwa kizima. Ni waya wa umeme tu uliokatika karibu na plagi. Akaukata, akauunga upya, akauchomeka. Kaseti ilikuwa bado mle ndani. Akabonyeza.

Ilikoroma kidogo, kisha wanawake wa kwaya wakaanza kuimba kwa Kinande, na sauti moja, nyembamba, ikatangulia mbele yao.

Priscille akainua mkono. "Simamisha! Ni mama! Ngoja kwanza, tonton."

Akatoka. Évariste alimsikia akiita majina ya ndugu zake, mlango baada ya mlango, sauti ikizidi kwenda mbali. Akabaki pale ameinama, kidole juu ya kitufe, anangoja wote wafike.