Sauti ya Silvester

Verediana ndiye aliyeandika, Silvester ndiye aliyesifiwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1956, walipozunguka vijiji vya Iringa na gari la matangazo lenye kipaza sauti juu ya paa.

Kila sentensi Verediana aliitamka kwanza. Ikimkata pumzi, aliifuta. "Mama, mlete mtoto achanjwe ndui. Atalia kidogo, kisha atanyonya." Aliyapanga maneno yasikike kama ya jirani anayeongea uani. Silvester akiyasoma, soko zima hunyamaza. Akishuka, wanawake humjazia ndizi mikononi.

Siku moja mama yake Verediana, Bi Rozalia, alirudi kutoka sokoni Kalenga akitabasamu. "Kijana yule ana busara! Anaongea kama mtu aliyekulia nyumbani kwangu."

"Mama, maneno ni yangu."

"Sawa, yako. Lakini wewe ungeyasema hivyo?"

Wivu ukamshika Verediana. Kesho yake aliandika tangazo refu lisilo na pa kupumulia, limejaa "kwa mujibu wa" na "ilhali". Akalikabidhi kwa Silvester baada ya gari kusimama Ipogolo, ili asiwahi kulipitia.

Silvester akaanza vizuri. Katikati pumzi zikamwishia, akarudi nyuma, akajikwaa tena. Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Kwani leo wanachanja au hawachanji?" Hakuna aliyemjibu, akaondoka zake. Verediana, aliyekuwa anacheka pamoja na umati, alipomwona anashika njia ya mlimani na mtoto asiyechanjwa, kicheko kikamkauka.

Silvester akaikunja karatasi. "Jamani, nisameheni," akasema. "Dada ameandika vyema, ulimi wangu ndio mzito leo. Leteni watoto, tunachanja hapa hapa."

Makofi yakalipuka. Verediana akamkimbilia yule mwanamke, akamrudisha.

"Mnyenyekevu kweli kijana yule," mwanamke akasema njiani, maana alikuwa amemsikia kwenye kipaza sauti. "Ameoa?"

"Sijui," Verediana akajibu kwa mkato.

Watu walipotawanyika akamfuata Silvester. "Ulijua nimefanya makusudi?"

"Nilijua."

"Mbona hukunisema?"

"Ningekusema, nani angeniandikia? Kesho tunakwenda Tosamaganga, dada. Niandikie kama zamani."

Verediana alitamani Silvester amtukane. Afadhali angemtukana. Verediana akakaa kwenye ngazi ya gari, akaandika, akitamka kila neno kwa sauti ndogo. Lilikuwa tangazo zuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na kila neno lililokaa sawa lilimchoma, maana alijua ni nani atakayepigiwa makofi.