Mwani Mkesha wa Juhannus

Mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, mji mzima ulikuwa unapasua kuni za sauna, bafu la mvuke. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya bwawa la maji ya kunywa, nikitazama chembe za kijani karibu na mdomo wa bomba linalopeleka maji mjini. Zilikuwa chache. Ningeweza kuondoka bila kusema kitu.

Mwaka uliopita nilisema maji yana sumu, tena bila kupima. Watu wakapanga foleni na ndoo siku mbili kungoja maji ya lori, kumbe ilikuwa chavua tu, vumbi la manjano la misonobari. Mpaka leo dukani wananiita Bibi Chavua.

Nilichovya kijiti. Mwani usiodhuru hung'ang'ania kijiti kama nywele. Huu ulisambaratika. Nikajaza maji kwenye chupa ya kioo, nikaiweka juu ya jiwe, nikampigia simu msimamizi wangu, Ilpo. Alikuja na taulo shingoni, uso mwekundu kwa joto la sauna.

"Chavua tena, binti?"

"Misonobari imeshamaliza kumwaga chavua, mzee. Wiki mbili sasa."

"Maabara imefungwa mpaka Jumatatu. Nifunge maji ya watu elfu nne kwa ajili ya kijiti?"

"Tungoje chupa. Saa moja tu. Kijani kikipanda juu, ni ule wenye sumu."

"Saa moja! Mke wangu atanichemsha mimi badala ya viazi."

Lakini aliketi. Mimi sikuweza. Nilikwenda hadi kwenye uzio, nikarudi, nikaenda tena. Upepo ulikuwa unasukuma maji kuelekea bombani. Ng'ambo ya bwawa kila nyumba ilifuka moshi, na kila nyumba ilikuwa na birika la kahawa motoni. Sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa.

Dakika arobaini zikapita. Maji yalikuwa yaleyale. Ilpo akasimama, akakung'uta suruali.

"Haya, tumemaliza?"

"Bado ishirini."

"Una kichwa kigumu wewe!"

Nikainama tena. Juu ya maji, pembeni mwa kioo, palikuwa na utepe mwembamba wa kijani. Nilimwonyesha kwa kidole. Ilpo alisogea mpaka pua ikagusa chupa. Hakutania tena. Alikwenda mwenyewe akafunga bomba, kisha akapiga simu kituo cha redio ili watu watangaziwe, akanipa simu.

"Sema wewe," alisema. "Mimi ningekuwa nimeshaondoka zamani."

"Nani mwenzangu?" mtangazaji akauliza.

"Siini Korvela, wa bwawani." Nilishika simu kwa mikono miwili. "Msinywe maji ya bomba. Hata mkiyachemsha."