Mchango wa Mkono wa Mzee Lugano

Usiku wa jana niliota nimeketi ndani ya kundi letu la simu. Sisemi nilikuwa nikilisoma. Nilikuwa ndani yake, kwenye kiti cha plastiki, na kundi lenyewe lilikuwa ukumbi mrefu wa pale Mwanjelwa, wenye mapazia ya zambarau na mafeni yasiyozunguka.

Nianze na kundi, maana bila hilo hamtanielewa. Linaitwa Wapiga Picha Nyanda za Juu, na tumo watu mia mbili na ushei, kuanzia Tunduma mpaka Makambako. Mimi ni Sekela, napiga picha za harusi hapa Mbeya. Wiki nzima hatukuwa na habari nyingine ila kamera mpya inayotoka mwezi ujao. Hakuna aliyeiona, na hilo halikumzuia mtu kuijua. Gwakisa wa mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, alikuwa akituandikia sifa zake, ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, na sisi tukimbishia, tukimchokoza, tukiongeza za kwetu. Nawapenda watu hawa. Wanaweza kugombania kitufe kimoja tangu chai ya asubuhi mpaka ugali wa jioni na kesho yake wakaazimana lenzi.

Katikati ya kelele hizo Mzee Lugano aliuliza swali moja: "Wanangu, hiyo kamera inatuliza mkono?"

Hakuna aliyemjibu. Swali lilizama chini ya mabishano ya video.

Mzee Lugano ndiye aliyepiga picha za harusi ya wazazi wangu. Siku hizi mkono wake wa kulia unatetemeka. Jumamosi anaozesha binti yake wa mwisho, Tumpe, na kumsindikiza kanisani amemwachia mdogo wake, ili yeye apige picha. "Nimepiga harusi za watoto wa watu miaka yote," aliniambia. "Ya wangu nikae meza ya mbele nile pilau?" Lakini jana jioni kamati ya harusi ilinijia kwa siri. Picha zake za majaribio zote zimetikisika, wakasema, kwa hiyo nichukue kazi mimi, na yeye ataambiwa siku hiyohiyo. Niliwajibu kwamba nitawapa jibu asubuhi. Nikalala nalo kifuani.

Basi, tuko ukumbini. Kila mtu ana neno "anaandika" linaelea juu ya kichwa. Waliofuta maneno yao wamebandikwa plasta mdomoni. Yule wa Tunduma, ambaye hajawahi kuandika sentensi, amekuja akiwa kidole gumba cha manjano kilichosimama juu ya kiti, na hakuna anayeona ajabu. Subilaga, mkuu wa kundi, amesimama kwenye mlango wa ndani akiwa na kufuli mkononi.

"Kamera yuko ndani," ananiambia. "Ni mwali, hatoki mpaka siku yake. Lakini anakuita."

"Ananiitia nini?"

"Hakusema. Vua viatu."

Navua viatu, naingia. Kamera amekaa kitandani, amejitanda khanga, na analifikia kabati kwa ukubwa.

"Shikamoo, dada," anasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimeelemewa."

Nilimtazama vizuri. Mgongoni alikuwa ameota mabati, yenye mfereji wa kukinga maji na pipa kabisa.

"Hayo mabati vipi?"

"Mtu wa Tukuyu aliandika kwamba sipitishi mvua."

"Na hayo masweta?"

"Mtu wa Makete alisema navumilia baridi."

"Mbona macho mekundu?"

"Gwakisa kasema naona gizani sawasawa na mchana. Tangu siku hiyo sijapata usingizi."

Tumbo lake lilikuwa limejaa betri mpaka zinagongana akihema. Niliuliza ni nani asiye na huruma aliyemfanyia hivyo.

"Ni wewe, dada. Uliandika kwamba betri yangu inatoka kanisani, inafika kwenye keki, na inabaki ya kurudia nyumbani."

Niliona aibu, ila sikukanusha, kwa sababu betri ni jambo la maana.

"Kila mnachonisema kinaniota mwilini," akaniambia. "Nami bado kutoka. Hebu utazame huo mlango, halafu unitazame mimi."

Nikautazama mlango. Asingepita hata kwa kusukumwa na kamati nzima. Hata hivyo alikuwa mzuri, lazima niseme. Chini ya mabati na masweta yote hayo, lenzi yake ilikuwa nyeusi na imetulia kama maji ya mtungini, na niliona haya kumtazama sana.

"Lakini sikukuitia hayo," akasema. "Kuna mgeni. Kakaa pale kwenye stuli, na sijui nimjibu nini."

Kwenye stuli ulikuwa umekaa mkono wa kulia wa Mzee Lugano, peke yake, umevaa kipande cha mkono wa lile koti lake la kahawia. Nikauamkia, kwa sababu mkono wa mtu mzima ni mtu mzima.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Mkono ukajibu, huku unatetemeka mpaka stuli inagonga sakafu. "Mwenyewe amelala. Nimetoka bila kumuaga."

"Kuna shida gani?"

"Nimechoka kumuaibisha. Jana kampiga Tumpe picha uani, anaanika nguo. Mtoto katoka kama moshi. Baba yake akaitazama ile picha, akasema mwanga ulikuwa mbaya. Mwanga ulikuwa mzuri sana, Sekela. Ni mimi."

Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu kamati ilikuwa imeshafika kwangu na Mkono haujui.

"Kwa hiyo nimekuja kumuuliza mwali mwenyewe," ukaendelea. "Unatuliza, hutulizi?"

Kamera akafumba lenzi, akaifumbua.

"Mtetemo hauzimwi, mzee. Atakayekwambia anauzima ni muuzaji. Ila mimi naweza kuugawa, nikipata wa kuupokea. Wawe wengi, kila mmoja apate kidogo. Akiubeba mmoja wote, naye hatapiga picha tena."

Nikafungua mlango nirudi kwa wenzangu. Ukumbi haupo. Ni shamba la viazi la Uyole, viti vimepangwa kati ya matuta, na watu wale wale wamekaa wanaendelea kubishana kuhusu video. Nikapanda juu ya tuta nikawaeleza yote: Mkono, koti, Tumpe kutoka kama moshi.

Gwakisa akasimama.

"Ushahidi uko wapi? Weka picha."

Nikamwonyesha picha ya Tumpe.

"Haionekani kitu hapa. Imetikisika."

"Ndiyo shida yenyewe, Gwakisa."

"Mimi naongea kitaalamu," akasema. "Kutuliza mkono wa mzee hakumo katika sifa zilizovuja. Siwezi kuchangia kitu ambacho hakimo. Mimi nimemaliza."

Maneno "Gwakisa ametoka" yakajiandika hewani, naye akazama taratibu kati ya viazi, miguu, kiuno, mwisho kofia. Nilimchukia kwa dakika ile, sifichi.

Subilaga hakuhangaika naye. Akagonga kufuli kwenye ndoo.

"Haya, jamani, tumefika kwenye ajenda ya mchango. Tunafanya kama tunavyofanya harusi zote. Kila mtu anasimama anataja ahadi yake, sehemu ya mtetemo atakayoichukua. Na akishataja, anafuta kile alichomtwika mwali. Halafu naomba tukumbushane: ahadi si malipo. Nyie nawajua."

Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka watu wanaojulikana.

Yule wa Tukuyu akawa wa kwanza. "Nachukua mtetemo wa kidole cha mwisho. Na mabati nayafuta." Kutoka chumbani kwa mwali tukasikia mabati yakiporomoka, na pipa likifuata.

"Nachukua wa kiganja," akasema wa Makete. "Masweta nayafuta, ingawa atanikumbuka akija kwetu."

Mume na mke wenye studio Vwawa wakasimama pamoja. "Sisi tunachukua dabo."

Mmoja aliahidi kifundo kizima, akaketi, kisha akanyoosha mkono akaomba apunguziwe kwa sababu ana picha za ubarikio kanisani Jumapili. Akapunguziwa. Kidole gumba cha Tunduma kikaendelea kusimama juu ya kiti chake, na Subilaga akahesabu kuwa ni ahadi.

Ikafika zamu yangu.

"Nachukua wa kidole gumba," nikasema. "Na betri nafuta."

"Zote?"

"Nibakizie ya kwenye keki."

"Sekela."

"Nafuta zote."

Watu wakaendelea kusimama, tuta kwa tuta, mpaka mwisho wa shamba. Nikawatazama. Wote hawa wanakula kwa mikono yao, mtu akitikisika anakosa kazi, na hapa wamepanga foleni kuomba watetemeke. Nikalia palepale juu ya tuta. Nilijivunia kuwa mmoja wao, hata yule aliyeomba apunguziwe.

Niliporudi chumbani kamera alikuwa mdogo, anaenea kiganjani, na macho yake meupe. Mkono ulikuwa umetulia kwenye stuli. Umetulia wote isipokuwa kidole cha shahada, ambacho kilikuwa kinaruka peke yake.

"Kimebaki kipande hicho," akasema kamera. "Kidole cha kubonyeza. Ndicho kizito, na wote wamekiogopa."

Naelewa kwa nini wamekiogopa. Mtu akivalishwa pete, unayo nukta moja tu ya kubonyeza. Mwenye kidole kile ataikosa. Nikanyoosha mkono wangu hata hivyo, na ulikuwa mzito kuunyoosha.

"Subiri, dada," akasema.

Mlango wa uani ukafunguliwa, ukafungwa. Kidole kikatulia.

"Nani huyo?"

"Kasema nisimtaje."

Mkono ukainuka, ukajigeuza huku na huku ukijitazama, ukanyoosha kipande chake cha koti.

"Ndaga fijo," ukashukuru kwa Kinyakyusa. "Wacha niwahi. Akiamka atanitafuta."

Ukatoka. Tukabaki mimi na kamera.

"Sasa nitatoka sina kitu," akasema. "Watanisema."

"Watakusema sana. Na watakununua."

"Hata bila mabati?"

"Tukuyu watalalamika."

Akafurahi, nadhani, maana lenzi yake ilipata unyevunyevu. "Amka basi, dada," akaniambia. "Kamati wanakupigia."

Nikaamka. Simu ilikuwa inaita kweli, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Tumpe. Niliiacha ikate. Nilihitaji chai kwanza, na ujasiri.

Nilipomimina chai niliona inacheza kikombeni. Nikaweka kikombe mezani, ikatulia. Nikakishika, ikacheza tena. Kilikuwa kidole gumba changu, kinatetemeka kidogo tu, kidogo kiasi kwamba mtu asiye na kazi ya kushika kamera asingekiona. Nikasema ni baridi ya Mbeya.

Nikafungua kundi. Asubuhi yote watu walikuwa wakilalamika. Mtu wa Tukuyu aliuliza kama kuna mwingine ambaye picha zake za leo zina ukungu. Studio ya Vwawa walijibu kwamba za kwao zina ukungu mara mbili. Wa Makete alilaumu lenzi, mwingine akalaumu memori kadi, na Subilaga akashauri wote wasafishe vioo kwa kitambaa laini.

Chini ya hayo ilikuwapo picha kutoka kwa Mzee Lugano. Tumpe amekaa kizingitini anatunga uzi kwenye sindano. Tundu la sindano linaonekana. Uzi unaonekana, na kile kinyuzi kilichochomoka pembeni yake. Ncha ya ulimi wa Tumpe imetokeza kwenye kona ya mdomo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Mzee aliandika chini yake: "Nimeshika kwa mkono. Kamera ni ileile ya zamani."

Nikampigia mwenyekiti wa kamati. "Mpiga picha mnaye," nikamwambia, "tena ni baba wa bibi harusi. Mimi nitakuja kula pilau."

Niliporudi kwenye kundi nilikuta Gwakisa ametuma sauti. Nikaisikiliza nimesimama.

"Mzee Lugano, shikamoo. Nakutumia sauti, unisamehe, leo simu hainiandikii. Kila nikibonyeza herufi kidole kinaruka. Ni hiki cha shahada tu, vingine vizima. Kitapona. Hiyo picha ya Tumpe, mzee... hiyo ni picha. Hongera sana."

Tangu nimfahamu Gwakisa sijawahi kumsikia akiisifu picha ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe huwa anaikosoa. Nilitaka kumjibu faraghani. Kidole gumba kikakosea jina lake, nikafuta, kikakosea tena. Nikabonyeza maikrofoni.

"Kaka Gwakisa," nikamwambia, "mchango wako umepokelewa."

Hakuniuliza mchango gani.